Mshenga wa Kagoma na Jicho Lake la Kulia

Kwa miaka miwili, kama si mitatu, Damian Kaijage wa Kagoma alitembea na jicho moja tu la kufanyia kazi, na mwenyewe hana habari. Angekuapia kwamba ana macho mawili mazima. Nawe ungemwamini, maana Ta Kaijage, kama tunavyowaita wazee kwetu, alikuwa mshenga, na mshenga mwenye jina huaminiwa hata anapokosea njia ya kwenda chooni.

Na jina alikuwa nalo, tusimnyime haki yake. Muleba nzima, ukitaka kumwozesha kijana wako kwa watu wagumu, ulielekezwa kwake. Hakuwa mpiga domo. Wako washenga wanaoingia nyumba za watu kwa mbwembwe na vicheko vya kujilazimisha. Yeye aliingia, akaketi, akatulia, akaangalia. Alimwona shangazi anayebana midomo kwenye kona. Alimwona mjomba anayemtupia jicho mwenye nyumba kabla ya kujibu, na mama anayechungulia mlango wa nyuma kisha akapotea. Akishaona hayo alijua nani ana neno moyoni, na huyo ndiye aliyemgeukia. Ndoa arobaini na moja zilipita mikononi mwake, za Wakatoliki, za Walutheri, na zile za mchanganyiko zilizomtoa jasho la kweli. Hakuna hata moja iliyovunjikia sebuleni. Bila macho yale angekuwa mzee wa kawaida tu mwenye kibanja chake na migomba yake.

Mkasa ulianzia Izimbya, mwezi wa kumi na mbili, nyumbani kwa Rweyemamu, mkulima wa kahawa asiyependa mchezo. Kaijage alikwenda kumposea Dastan, fundi pikipiki, mtoto wa jirani yake. Binti aliyeposwa, Annastella, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa zamu mjini Bukoba, ambako ni muuguzi wa kliniki ya macho. Salamu zilikwenda vizuri, wageni wakaketi, ikaletwa akamwani.

Asiyejua aambiwe: akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, na mgeni hukaribishwa nazo kabla ya jambo lingine lolote. Unachukua mbili tatu, unatafuna, maneno yanaanza. Usipochukua, umeikataa nyumba. Shangazi wa binti, Ma Magdalena, alizileta kwenye kikapu kidogo, akapiga magoti upande wa kushoto wa Kaijage, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Kaijage akaendelea kuongea na Rweyemamu aliyeketi kulia kwake. Akaongea mvua. Akaongea mnyauko wa migomba. Magdalena bado yuko magotini. Wenzake wakakohoa, mmoja akakohoa kama mwenye kifua kikuu, wapi! Sebule ikanyamaza, naye akadhani wamenyamaza ili wamsikilize, akanogewa. Mwisho akanyanyua mkono kusisitiza neno, kiwiko kikapiga kikapu, na buni zikatawanyika sakafuni hadi chini ya viti.

"Mawe!" Magdalena alimaka kwa Kihaya. Akainuka, machozi yakimlengalenga.

Rweyemamu hakupandisha sauti. "Waitu wageni wetu," alisema kwa upole wa Kihaya, "kahawa yetu mmeikataa, na mmeimwaga. Kwa leo tuishie hapa."

Kaijage alirudi Kagoma amevimba. "Yule mama alininyemelea kama paka!" alimwambia mkewe, Jovita. "Hakuwepo. Nakwambia hakuwepo, mara ghafla yupo na kikapu." Waliokuwa naye walisema alipitia rubisi, pombe yetu ya ndizi, njiani. Wengine walisema sifa zimempanda kichwani. Jovita alikuwa anamwona mumewe akijigonga bega mlangoni kila siku na kuutukana mlango, na kwa mazoea naye alikuwa ameanza kuutukana mlango pamoja naye.

Annastella alisimuliwa yote kwa simu na shangazi yake, kwa hasira na kwa kirefu. Binti mwingine angelia. Huyu aliuliza maswali.

"Shangazi, ulipiga magoti upande wake gani?"

"Kushoto."

"Alikutazama usoni hata mara moja?"

"Anitazame? Nilikuwa kama kigoda!"

"Na alipoingia, aliwasalimia waliokaa kushoto?"

Magdalena akafikiri. "Aliwaruka watu watatu. Tukasema ana maringo."

Siku ya tatu, siku yake ya mapumziko, Annastella alifanya jambo ambalo mabinti wa kwetu hawalifanyi. Alipanda basi hadi Muleba, akachukua bodaboda hadi Kagoma, akaingia uani kwa mshenga wa upande wa pili, peke yake, mchana kweupe. Jovita alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilimponyoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Annastella. Wa Rweyemamu."

Kaijage akasimama. "Umetumwa uje unitukane kwangu?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukupima macho."

"Macho yangu yana nini?"

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Alimketisha, akakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana. Akamwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja, amtazame yeye puani, aseme atakapoona vidole vikicheza pembeni. Kaijage akangoja. Akangoja tena.

"Anza basi, binti."

"Nimeshaanza, baba."

"Anavichezesha tangu muda ule, Damian," alisema Jovita kutoka nyuma, na sauti yake haikuwa ya utani.

Hapo ndipo Kaijage alipoangalia kwa kweli, kwa jicho lile la kushoto peke yake. Pua ya binti aliiona. Kipande cha mdomo alikiona. Ilikuwa kama kutazama kupitia bua la jani la mpapai. Vingine vyote, mke, mlango, migomba, havikuwepo. Aliogopa. Tuseme wazi, yule bwana aliyezituliza koo arobaini na moja aliogopa kweli.

Annastella akatoa kifaa kidogo mfano wa tochi, akapima presha ya macho yote mawili. Mwisho wa salama ni ishirini na moja. Kushoto ilisoma arobaini, kulia thelathini na tatu. Akamweleza pole pole, kwa Kiswahili na kwa Kihaya pale Kiswahili kilipokuwa kikavu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Mfereji wake ukiziba, maji hubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa hufa taratibu kuanzia pembeni, bila maumivu yoyote. Jicho zima humfichia mwenziwe, na mtu asijue mpaka amechelewa. Wanaiita glakoma. Kilichokufa hakirudi.

"La kushoto limekwenda, baba. La kulia limeanza."

"Na kikapu cha shangazi yako?"

"Hukukiona."

Kaijage akainamisha kichwa. "Nimemsingizia mwanamke wa watu bure," alisema.

Ungedhani kesho yake alikwenda Izimbya kuomba radhi. Thubutu! Alimwapisha binti palepale asimwambie mtu yeyote, hasa Rweyemamu. Nani atamtuma mshenga asiyeona nusu ya sebule? Alitaka atibiwe kwanza, apone, kisha atatafuta maneno. Annastella, kwa neno moja tu kwa baba yake, angejiokolea ndoa yake. "Wewe sasa ni mgonjwa wangu," alisema, "na siri ya mgonjwa haitoki kwangu." Na haikutoka. Hapa ndipo unapotamani kumzaba mzee kibao, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akaanza matone. Yanachoma, yanatiwa kila siku maisha yote, na duka la dawa la Muleba mara linayo mara halina. Kaijage aliyatia siku nne, akayasahau siku mbili, akayarudia kwa vitisho vya Jovita. Kufikia mwezi wa nne presha ya jicho la kulia ilikuwa bado ishirini na nane, na kipimo kilionyesha pembe za jicho hilo nazo zinaliwa. Daktari Shamsia wa kliniki ile alimwita, akamwambia imefika saa ya operesheni.

Kaijage aliijua operesheni hiyo, au alidhani anaijua. Kaka yake Buberwa wa Ngenge aliambiwa miaka mingi iliyopita akatobolewe tundu kwenye weupe wa jicho, ashonwe, akae mjini wiki na wiki. Akaogopa, akarudi nyumbani, na leo anaongozwa kwa fimbo.

"Sasa mnataka jicho lipi?" aliuliza.

"La kulia," alisema Shamsia, mwanamke mfupi mwenye hijabu ya kijivu na maneno machache.

"Linaloona?"

"Ndilo."

"Daktari, bovu si lile pale? Jifunzieni hapo kwanza! Likiharibika, hasara iko wapi?"

Annastella aliyekuwa amesimama kando aliuma mdomo asicheke. Shamsia hakucheka. "Kushoto hapana cha kuokoa, mzee wangu. Njia hii ni ya jicho ambalo bado lina kitu. Nikingoja hili nalo lifike kule, utakuja kwangu kwa fimbo."

Akamweleza njia yenyewe. Hakuna tundu kwenye weupe. Angeingia mbele ya jicho kwa mpenyo wa milimita mbili, akiangalia kwa kioo maalumu kilichowekwa juu ya jicho, na angepitisha uzi ndani ya ule mfereji ulioziba, uzunguke jicho duara zima mpaka ncha ikutane na mwanzo. Kisha angeuvuta, nao ungepasua ukuta wa ndani wa mfereji, maji yapate pa kutokea. Kuna nchi wanakoacha humo vibomba vidogo kuliko punje ya ulezi. Vibomba hivyo yeye hakuwa navyo. Alikuwa na uzi.

"Uzi gani?"

"Wa kushonea wagonjwa. Wa buluu. Naichoma ncha kidogo kwa moto iwe butu, isichome inapopita."

Ee, jamani. Kitu kinachopita pale ambapo hata unywele ungejiuliza mara mbili, na mama yule anakitaja kama anaelekeza mtu sokoni. Alikuwa amejifunza kwa mwalimu mgeni kwa wiki mbili, kisha kwa macho ya mbuzi. Mwaka mzima, kila Jumamosi, alinunua macho ya mbuzi buchani, hadi mwenye bucha akamuuliza anapika supu ya aina gani. Ndipo akaanza kwa watu. Kaijage alikuwa wa kumi na tisa.

"Binti," Kaijage alimwambia Annastella walipobaki wawili, "ungeniacha nibaki mshenzi machoni pa baba yako, ukatafutiwa mshenga mwingine. Kwa nini umehangaika nami?"

"Mshenga mwingine angepatikana, baba. Jicho lingine huna."

Akatia sahihi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Walimtia ganzi, wakamfunika uso wakaacha jicho moja, akageuzwa kichwa kidogo upande. Alikuwa macho kabisa. Aliona mwanga mkali, akasikia Shamsia akiomba vitu kwa sauti ya chini na Annastella akimpa. Kwa nukta chache aliona kitu chembamba cha buluu kikipita kwenye mwanga, halafu hakukiona tena.

"Usiongee, mzee wangu," alisema Shamsia, maana Kaijage alikuwa ameanza kuuliza.

Dakika ishirini na kitu. Hakuna uzi uliobaki ndani, hakuna mshono.

"Tayari," alisema daktari.

"Tayari? Mimi hata sijaanza kuogopa vizuri!"

Wote chumbani walicheka, na Shamsia naye, mara moja tu.

Kesho yake walipomfungua, hakuna aliyecheka. Kaijage alifumbua jicho lake la kulia, lile la pekee, na mbele yake palikuwa na ukungu wa rangi ya kutu. Dirisha halipo. Jovita hayupo. Alinyoosha mikono akapapasa hewa.

"Mmeniua!" alipiga kelele wodi nzima ikageuka. "Jovita, wamenipofusha! Nilisema waanze na lile lingine!"

"Baba, ni damu," alisema Annastella. "Tulikwambia itakuja. Ukuta ukipasuliwa hutoa damu kidogo, inakaa mbele ya jicho, kisha inashuka na kuisha. Lala kichwa kikiwa juu. Usiiname, usisugue."

Ni kweli waliambiwa. Mbona Jovita alikumbuka? Lakini mtu aliyeishi kwa kusoma nyuso hajui kuishi kwa maneno matupu. Miaka yote, mtu akimwambia jambo, Kaijage aliuangalia uso kwanza ndipo aamini. Sasa uso haupo, kuna sauti tu kwenye ukungu. Akalala kama alivyoambiwa, kichwa juu ya mito miwili, na kwa siku tatu alisali rozari hadi akachanganya matendo. Alimwaza Buberwa na fimbo yake. Alimwomba Mungu amwachie lile jicho, hata kama hatakuwa mshenga tena wa mtu yeyote, amwachie tu aione njia ya kwenda shambani na uso wa mkewe. Alilia pia, na Jovita akamfuta.

Asubuhi ya siku ya nne ukungu ulikuwa umeshuka. Kwanza aliona juu ya dirisha. Kisha chandarua kilichofungwa fundo, na tundu dogo kwenye chandarua. Kisha Jovita, mzima, kutoka kilemba hadi kandambili. "Jovita," alisema, "hiyo blauzi umeivaa ndani nje." Jovita akaangua kilio na kicheko pamoja.

Annastella akaja na kifaa chake. Presha: kumi na nne. Akaipima mara ya pili kwa furaha tu, ikasoma kumi na nne. Shamsia alipopita alitazama namba, akaandika, akamgusa mzee bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Lakini Kaijage alikuwa ameshaona kitu kingine. Binti alikuwa anatabasamu, na kope zake zimevimba.

"Ulilia jana," alisema.

"Uchovu wa zamu, baba."

"Annastella, mimi nimerudishiwa jicho. Usianze kunidanganya leo."

Akageuza uso. "Baba amesema nimsahau Dastan. Kuna watu wengine watakuja Jumapili ya tatu. Amesema ukoo unaotuma mlevi kutukana shangazi yangu hautamchukua mtoto wake." Akajaribu kucheka. "Si kosa lako. Wewe shughulika na kupona."

Kaijage alijiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona. Miezi mitano yule mtoto alimshika mkono, akabeba siri yake, akapoteza ya kwake, na hakumlaumu hata kwa jicho.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, siku moja kabla ya wageni wale wengine, alifika Izimbya na Jovita bila ujumbe wala mbwembwe. Annastella alikuwa nyumbani, jikoni na shangazi yake. Rweyemamu aliwapa viti kwa adabu iliyokauka. Kaijage hakukaa. Aliomba Ma Magdalena aitwe. Alipoingia, mzee alimgeukia mwili mzima, akapiga magoti sakafuni, mwanamume wa miaka sitini na mitatu.

"Ma Magdalena, mimi sioni upande wa kushoto. Jicho hili lilikufa nikiwa sijui. Ulipopiga magoti pale sikukuona, na nilipoambiwa ukweli nikaogopa kuusema, nikakuacha na fedheha. Leo nimekuja kuichukua."

"Inuka, Ta!" alisema Magdalena, akimvuta mkono. "Inuka, utaniletea laana nyumbani kwa kaka yangu!" Na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Akaketi, akasimulia yote: vidole asivyoviona, matone, uzi wa buluu, ukungu wa siku tatu, jinsi alivyojua tu pale alipofumba jicho zima. Rweyemamu alisikiliza, kiganja kikihama upande mmoja wa uso hadi mwingine.

"Na Annastella alijua haya tangu lini?"

"Siku ya tatu tangu kikapu kile."

"Akaninyamazia? Nilipomtamkia yote yale?"

"Nilimwapisha. Nilikuwa mgonjwa wake. Umelea mtoto mimi sijawahi kumwona wa namna yake, na nimeingia nyumba nyingi."

Rweyemamu akaushusha mkono kutoka usoni. Mwishowe akasema wale wa kesho wataandikiwa ujumbe, na Dastan aje na watu wake. Hakusema zaidi, na Kaijage hakumsukuma.

Walipoaga, Rweyemamu aliwasindikiza hadi mwisho wa migomba. Jovita alitangulia. Mwenye nyumba akasimama.

"Ta Kaijage. Ulipokuwa unasimulia mle ndani, nami nilijaribu. Nikafumba moja, kisha lingine."

Kaijage akamgeukia. Rweyemamu alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Sasa hivi nakuona kofia na paji la uso," alisema. "Chini ya hapo hupo."

"Umemwambia binti yako?"

"Amepima watu wilaya nzima yule. Kila mwaka aliniomba anipime, kila mwaka nikamwambia nina kazi." Akakishusha kiganja. "Na sasa, baada ya yale niliyomtamkia, nitaanzia wapi?"

"Hilo niachie mimi," alisema Kaijage. Akamshika mkono, wakageuka, wakarudi wote wawili kuelekea jikoni.